Bondia akikutana na mtu wa MMA: soma mkataba kabla ya kengele

Swali la msomaji: Bondia Tyson Fury aliangushwa na Francis Ngannou, mtu wa MMA (mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka) ambaye hakuwahi kucheza ngumi za kulipwa hata siku moja. Miezi michache baadaye Ngannou huyohuyo akalazwa na bondia Anthony Joshua raundi ya pili. Kijiweni kwetu hatuelewani. Wengine wanasema ni maigizo ya kutafutia hela, wengine wanasema MMA ni kali kuliko ngumi. Ukweli ni upi? Na kabla sijalipia pambano la namna hii au kuweka mkeka, niangalie nini?

Jibu: Ubishi wenu hautaisha, maana "nani mkali" haijibiki mpaka kwanza mseme wanapigana kwa sheria zipi. Ngumi za Riyadh, Saudi Arabia, yalikofanyika mapambano hayo mawili, zilikuwa za kweli. Ila kila pambano la namna hii lina mwenyeji na mgeni. Mwenyeji anacheza mchezo aliokulia. Mgeni ameacha nusu ya silaha zake mlangoni. Nani awe mwenyeji huandikwa mkatabani miezi kadhaa kabla, na mara nyingi matokeo nayo yanakuwa yameandikwa hapohapo.

Tuanze na bondia akiwa mgeni, kwa kuwa huko hakuna mjadala mrefu. Katika onyesho la kwanza kabisa la UFC, kampuni kubwa ya mapambano ya MMA, Denver, Novemba 12, 1993, bondia Art Jimmerson aliingia kizimbani (ulingo wa MMA uliozungushiwa uzio) amevaa glovu mkono mmoja, mwingine mtupu, akakutana na Mbrazili Royce Gracie. Gracie alimwangusha na kumkalia juu, na ilipofika dakika 2 na sekunde 18 Jimmerson akagonga chini kwa kiganja kukubali yaishe. Hakuwa amepigwa kabali wala kukunjwa mkono. Alikuwa tu amelala chali chini ya mtu anayeijua kazi ya chini, na hakujua pa kuanzia kujinasua. Miaka karibu 17 baadaye, Agosti 28, 2010, Boston, ikawa zamu ya James Toney, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ngumi katika zaidi ya uzito mmoja. Mpinzani wake Randy Couture hakutaka hata kuonja ngumi zake. Aliinama mpaka karibu na sakafu, akadaka kifundo cha mguu wa mbele, akamlaza, akamkalia, akammaliza kwa kabali dakika 3 na sekunde 19 za raundi ya kwanza.

Uangalieni huo mguu wa mbele. Bondia huupa uzito bila wasiwasi kwa sababu katika mchezo wake hakuna wa kuugusa, na ngumi zake nyingi huanzia kwenye nyayo. Kizimbani mguu huo ni mali ya mpinzani: ataudaka, ataupiga mtama, au ataupiga teke la paja na la shavu la mguu. Mtu wa MMA hufundishwa kuunyanyua ugoko ukutane na teke. Bondia hana desturi hiyo, kwa hiyo teke la tano au la sita linamkuta mguu umeshakufa ganzi. Kichwa nacho ni vilevile. Kuinama chini ya ngumi ni ufundi mzuri ulingoni. Kwenye MMA ukiinama hivyo goti linakusubiri.

Nafasi ya bondia kizimbani ni sekunde chache za mwanzo, kabla hajashikwa. Ray Mercer aliitumia vizuri kuliko wote. Juni 13, 2009, Birmingham ya Alabama, akiwa na miaka 48, alimlaza Tim Sylvia, bingwa wa zamani wa UFC uzito wa juu, kwa sekunde 9. Pambano lile awali lilipangwa kuwa la ngumi, likageuzwa kuwa la MMA siku zikiwa zimekaribia. Sylvia alikuwa na haki zote za kumkamata na kumpeleka chini, lakini akasimama wima mbele ya bingwa wa Olimpiki wa 1988. Sheria zilimpa silaha, yeye akaziacha mfukoni.

Sasa geuza upande: sheria za ngumi, mtu wa MMA ndiye mgeni. Hayo ndiyo mapambano mnayoyaona sana siku hizi, kwa sababu hela kubwa iko kwenye ngumi.

Jambo la kwanza la kuuliza ni glovu. Za MMA zina aunsi 4, yaani gramu 113 hivi, na vidole viko wazi. Za ngumi za kulipwa kwa kawaida ni aunsi 8 kwa uzito usiozidi kilo 66.7 na aunsi 10, gramu 283, kwa walio juu ya hapo. Wengi huishia kusema glovu ndogo inauma zaidi. Ni kweli, lakini kinachobadilika zaidi ni namna ya kujikinga. Glovu mbili za aunsi 10 zikiinuliwa mbele ya uso ni kama milango miwili iliyofungwa. Bondia anaweza kukaa nyuma yake raundi nzima akisikiliza tu. Za aunsi 4 hazifuniki kitu, ngumi inapenya katikati, na ndiyo maana mtu wa MMA hujilinda kwa kukaa mbali na kwa kushika mikono ya mwenzake. Akifungwa vidole ndani ya glovu kubwa, kushika kumekwisha. Na ule umbali wake wa usalama, uliopimwa kwa urefu wa teke, ngumi yake haifiki mpaka arukie mbele, na akirukia anakutana na jebu, ngumi ya haraka ya mkono wa mbele.

Halafu muda. MMA ni raundi za dakika 5, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa ubingwa. Ngumi za ubingwa ni raundi 12 za dakika 3. Ni dakika 25 kwa 36, lakini tofauti haiko kwenye jumla peke yake. Kizimbani kuna dakika za kuegemezana kwenye uzio na kugaagaa chini, ambapo mapafu na miguu vinafanya kazi huku mabega yakipata nafuu. Ulingoni mabega hayapumziki. Wakikumbatiana, mwamuzi anawaachanisha mara moja, na pale MMA inapoanza, ngumi inasimamishwa.

Pambano la bondia Floyd Mayweather na Conor McGregor wa UFC lina haya yote, kwa hiyo litazameni upya mkiwa na utulivu. Lilifanyika Las Vegas usiku wa Agosti 26, 2017. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi, watu wanakunywa chai. Sheria za ngumi, raundi 12, uzito pauni 154, karibu kilo 70. Mayweather alikuwa na mapambano 49 bila kupoteza, McGregor hakuwa na hata moja la ngumi za kulipwa. Kamisheni ya michezo ya Nevada ilikubali ombi la kushusha glovu kutoka aunsi 10 hadi 8. Mashabiki wa McGregor walishangilia kana kwamba jamaa yao ameshinda nusu ya vita, ilhali gramu 57 kila mkono zilimpunguzia pia mzigo mtu wa miaka 40 anayeishi kwa wepesi wa mikono. Promosheni ilipata kitu cha kuuza wiki nzima, na ulingoni hakikubadilika kitu.

McGregor alianza vizuri. Anatumia mkono wa kushoto, ni mrefu, na pembe zake hazikuwa za kawaida. Jaji mmoja alimpa raundi tatu za mwanzo. Tatizo ni kwamba Mayweather hakuwa na haraka. Aliinua glovu, akaanza kutembea mbele, jambo ambalo si tabia yake, akamwacha McGregor arushe. Kila walipogusana mwili, mazoea yalimrudia McGregor: anazunguka mgongoni, anashusha ngumi za nyundo nyuma ya kichwa, na mwamuzi Robert Byrd anamwonya tena. Kuanzia raundi ya nne Mayweather akawekeza tumboni kwa mkono wa kulia. Ukitaka kuona pambano linavyogeuka, usiangalie uso wa McGregor, angalia mkono wake wa mbele unavyorudi baada ya kurusha. Mwanzoni unarudi shavuni. Kufika raundi ya saba unarudi kifuani, mdomo uko wazi, na ngumi zinasukuma badala ya kuchoma. Raundi ya kumi, dakika 1 na sekunde 5, Byrd akaingia kati. Mpaka hapo kadi za majaji zilikuwa 87-83, 89-82 na 89-81, zote za Mayweather. Kwa hesabu ya CompuBox, kampuni inayohesabu ngumi, alifikisha ngumi 170 kati ya 320 alizorusha, McGregor 111 kati ya 430. Hiyo 430 ndiyo iliyommaliza.

Hela je? Malipo yaliyotangazwa rasmi kwa usiku ule peke yake yalikuwa dola milioni 100 kwa Mayweather na milioni 30 kwa McGregor, kabla ya mgao wa mauzo, na Marekani pambano lilinunuliwa kwenye TV mara takriban milioni 4.3. Hapo promota yeyote angeuliza: kwa nini nitafute bondia namba mbili wa dunia?

Sasa nirudi kwa Ngannou, maana ndiye aliyewachanganya. Mkameruni huyu, aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mchanga akiwa mtoto, aliacha UFC mwanzoni mwa 2023 akiwa bingwa wa uzito wa juu. Oktoba 28, 2023 alipanda ulingoni Riyadh kwa raundi 10 dhidi ya Fury, bingwa wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia), ingawa mkanda wenyewe haukuwekwa mezani. Raundi ya tatu Fury alisogea kizembe, akakutana na ngumi ya kushoto ya kuzungusha, akaenda chini. Mwishowe Fury alishinda kwa majaji wasiokubaliana: 96-93 na 95-94 kwake, na wa tatu 95-94 kwa Ngannou.

Simamisheni picha pale Fury anapokaa sakafuni. Kwa sheria za ngumi, Ngannou anaamriwa aende kona ya mbali, mwamuzi anahesabu, na Fury anapewa sekunde kama nane za kukusanya akili, kisha anasimama. Kwa sheria za MMA hakuna wa kuhesabu; Ngannou angekuwa juu yake kabla mgongo haujatulia. Kifungu kimoja tu cha sheria kilitenganisha mshangao wa usiku ule na mwisho wa pambano. Kwa hiyo wanaosema "MMA ni kali kuliko ngumi" wana hoja kwenye picha hiyo, lakini ni hoja ya sheria, wala haisemi lolote kuhusu ubora wa mtu.

Na kwa nini Joshua hakupata tabu? Wahenga wametuambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fury alimpokea Ngannou kama mgeni wa siku ya kwanza: hakujiandaa kama anayekutana na mtu hatari, akapoteza muda kwenye vituko, akaingia masafa ya ngumi bila kujifunika. Joshua alikuwa na mkanda wa video wa raundi 10 wa kusoma. Machi 8, 2024, Riyadh tena, alimfanyia mazoezi kama bondia kamili. Hakubadilishana naye. Alimdanganya kwa mkono wa kushoto, akasubiri aitikie, kisha akanyoosha mkono wa kulia moja kwa moja katikati. Ngannou alianguka mara moja raundi ya kwanza na mara mbili ya pili, na ile ya mwisho hakuna aliyehitaji kuhesabu. Ngumi ya kulia iliyonyooka ni kitu cha kwanza kufundishwa kwenye jimu yoyote ya ngumi. Kuiona ikija kutoka kwa mtu wa kiwango kile kunataka miaka, na Ngannou alikuwa na miezi. Katikati ya mapambano hayo mawili WBC ilikuwa imeshamweka namba 10 duniani kwa uzito wa juu baada ya pambano moja alilopoteza. Mkitafuta maigizo, anzieni hapo.

Kuna njia ya tatu, ya kuchanganya sheria ili asiwepo mwenyeji. Inasikika kuwa ya haki. Mfano mkubwa ni Muhammad Ali na mwanamieleka Antonio Inoki, Tokyo, ukumbi wa Nippon Budokan, Juni 26, 1976. Walibishana sheria mpaka siku za mwisho, na kilichopatikana kilimbana Inoki kiasi kwamba akaona usalama wake uko chini. Kengele ilipolia alijitupa sakafuni, na kwa raundi 15 alikaa au kulala chali akipiga mateke miguu ya Ali. Ali alizunguka, akatukana, akamwita asimame. Ngumi alizorusha pambano zima hazizidi za kuhesabu kwa vidole. Viatu vya Inoki vilikuwa vinamchanachana mguu hadi kona ya Ali ikadai vifungwe utepe. Inoki alikatwa pointi kwa makosa na ikatangazwa sare. Watazamaji walirusha takataka ulingoni, na Ali akaishia hospitalini na damu iliyoganda miguuni. Miezi mitatu baadaye alikuwa na bondia Ken Norton ulingoni New York kutetea ubingwa wake.

Kama burudani lilikuwa balaa. Kama somo, sijaona bora. Ukimfunga kila mmoja silaha yake, wote wawili watachagua kutopigana. (Jambo moja zuri lilitoka mle: ule wito wa mashabiki wa Ali kule Kinshasa, 1974, "boma ye", Kilingala cha "muue", ulihama kutoka kwa Ali ukawa wa Inoki, na Wajapani waliuimba kwa matamshi yao, "bom-ba-ye", kila alipoingia ulingoni.)

Mchanganyiko uliofanya kazi ni ule unaogawa raundi badala ya kugawa silaha. Machi 26, 2022, Singapore, Rodtang Jitmuangnon wa Thailand na Demetrious Johnson wa Marekani walikubaliana raundi nne za dakika 3: ya kwanza Muay Thai (ngumi na mateke za Kithai), ya pili MMA, na kuendelea kwa zamu. Si ngumi tupu, lakini kanuni ni ileile. Johnson alivumilia dakika tatu za mwenyeji wake, kisha zamu yake ilipofika akamkaba kabali ya mgongoni. Kila mmoja alionekana anapofaa, na hakuna aliyelala chali kwa saa nzima. Promota wangetaka haki kweli, wangefuata mfano huu. Hawaufuati kwa sababu bondia mwenye jina hatasaini karatasi yenye raundi ya MMA.

Kuhusu maigizo, tofautisheni vitu vitatu. Sambamba na pambano la Ali na Inoki, kule Shea Stadium, New York, bondia Chuck Wepner alirushwa nje ya kamba na jitu la mieleka, André the Giant. Hiyo ilikuwa mieleka ya kupangwa, mwisho unajulikana kabla ya kengele. Kitu cha pili ni pambano la maonyesho: ngumi ni za kweli, ila hakuna majaji au hakuna rekodi. Mayweather na mpiga mateke Tenshin Nasukawa, Saitama, Desemba 31, 2018, walipangiwa raundi tatu, sheria za ngumi, na teke moja lingemgharimu Nasukawa faini ya dola milioni 5. Kijana wa miaka 20, aliyezidiwa zaidi ya kilo 4, alianguka mara tatu ndani ya raundi ya kwanza na kona yake ikasimamisha. Maonyesho hayazuii mtu kuumia. Cha tatu ni pambano rasmi, lenye leseni, majaji watatu na matokeo yanayoingia kwenye rekodi. Fury na Ngannou walikuwa hapa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, tafuta tangazo la masharti, lisome kwa mpangilio huu. Kwanza sheria, na kama ni za ngumi, jua mgeni ni nani. Pili kama linaingia kwenye rekodi. Neno "maonyesho" likiwepo, mkeka wako unaweza kurudishwa au kufutwa pasipo mshindi, soma masharti ya kampuni husika. Tatu idadi ya raundi na urefu wake: raundi chache na fupi, za dakika 2, humsaidia mgeni kwa kuwa mabega yake hayajafika pale pa McGregor, na nyingi humsaidia bondia. Nne uzito, hasa kama kuna "uzito wa makubaliano", maana mmoja wao amelazimishwa kushuka au kupanda.

Kisha muulize mgeni ametokea wapi ndani ya MMA, kwa sababu MMA si kitu kimoja. Ben Askren alikuwa mwanamieleka tangu utotoni, ngumi zake hata kwenye MMA zilikuwa za kujitafutia njia ya kumkamata mtu, na alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Jake Paul, mtu wa YouTube aliyegeukia ngumi, alimmaliza Aprili 17, 2021, dakika 1 na sekunde 59. Miezi miwili baadaye Anderson Silva, mwenye miaka 46 lakini mpiga ngumi na mateke tangu zamani, alimshinda kwa pointi Julio César Chávez Jr., bingwa wa zamani wa dunia wa ngumi, huko kwao Mexico. Wote wawili waliandikwa "mpiganaji wa MMA" kwenye bango.

Mwisho angalia saa. Saa za Riyadh ni sawa na za Dar na Nairobi, pambano kuu huingia usiku wa manane au baada yake kidogo. Las Vegas ni alfajiri mpaka asubuhi yetu, na muda unaotangazwa ni wa kuanza kwa mapambano ya utangulizi. Ukitaka lile la mwisho tu, ongeza saa tatu au nne kwenye muda wa bango kabla hujaweka kengele ya simu.